Gome Lililoua kwenye Sahani

Wifi yangu hajui kusema uongo. Wengine wakimsema mtu hivyo huwa wanamsifu; mimi nasema kama unavyosema jirani ana kikohozi kisichopona. Ukimuuliza kama nguo imekukaa, atakuzunguka mbele na nyuma, kisha atakwambia. Mume aliyewahi kumuoa aliondoka akilalamika kwamba amechoka kuishi na mizani. Wifi aliponisimulia hayo alicheka mpaka akashika mbavu, akaongeza kwamba kwa hilo moja yule bwana alisema kweli.

Ni fundi wa maabara. Anapima magome ya miti ya dawa, yale ambayo watu huchemsha wakanywa, wakaogea, wakasukutulia, ili ijulikane kama yanaua vijidudu kweli au ni uchungu mtupu. Wenzake wanamwita Mama Vijidudu, na jina limemkaa. Hakujaliwa mtoto, lakini ana kabati la joto lililojaa vijidudu, anavilisha, anavihamisha kutoka sahani moja hadi nyingine, na siku vikifa vyenyewe bila kuuawa na dawa yake, hununa hadi jioni.

Mume wangu alikuwa kaka yake. Wazazi wao walipofariki ni yeye aliyemlea, akamsomesha kwa magome hayohayo. Aliyauza kwenye kibanda karibu na stendi, yamepangwa mafungu mafungu: ya tumbo huku, ya meno kule, ya vidonda mbele kabisa, maana hayo ya vidonda ndiyo yaliyompa sifa. Watu walimwita Magome, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Wifi alijua kutwanga magome kabla hajajua kusoma, na alipomaliza kusoma akaenda kuyatwanga kwenye jumba la watu wenye makoti meupe. "Tumepishana koti tu," mume wangu alipenda kusema, na Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Nimeingia mara nyingi kwenye chumba chake cha kazi. Ni kirefu, kina meza za vigae vilivyoungua hapa na pale, friji linalonguruma, na jungu la mvuke la kuchemshia vyombo ambalo likipiga mluzi mgeni huruka. Harufu ya spiriti inakupokea mlangoni. Waganga walioleta magome yao walikaa kwenye benchi la ukumbini wakingoja majibu, nyuso zimewakauka kama za wazazi siku ya matokeo ya mtihani. Magome mengi yalianguka. Wifi hakuwa na maneno ya kubembeleza. "Halijaua kitu, mzee wangu," alisema, basi. Mmoja alimtisha kwamba atamroga. "Kwa gome hili?" Wifi akamuuliza.

Lakini gome la vidonda la kaka yake halikuwahi kuvuka mlango ule. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema anaogopa likianguka itambidi amwambie.

Basi mume wangu akakanyaga msumari. Alikuwa na sukari, na mguu wa mwenye sukari hauna habari na mwenyewe. Alitembea na kidonda ndani ya kiatu mpaka nikaona soksi imelowa, nikadhani amekanyaga dimbwi. Akajitibu. Kila asubuhi nilimchemshia gome kwenye sufuria ambayo ilikuwa imegeuka nyeusi ndani kwa kazi hiyo, akaosha kidonda, akafunga kitambaa, akaenda kibandani. Kidonda kikakataa kufunga. Kingo zake zikaanza kuwa na rangi ambayo sikuipenda.

Nikamwambia twende hospitali. Akaniuliza, mtu akimwona Magome kwenye foleni ya kufunga vidonda, kesho atanunua kwa nani dawa ya kidonda?

"Mganga hajigangi," nikamwambia.

"Huyo ni mganga wa kwenye methali. Mimi nina kibanda."

Nilicheka. Nikikumbuka leo kwamba nilicheka, moyo unaniuma.

Wifi alipokuja kukitazama hakucheka. Alifungua kitambaa, akanusa. "Kaka, hiki ni cha hospitali. Twende leo."

"Mdogo wangu, wewe si unapima? Nipimie." Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuamua. "Neno lako nalijua. Ukiniambia gome langu limeshindwa, nafunga kibanda naenda siku hiyohiyo, wakitaka kukata na wakate. Lakini likiua, mniache nijitibu. Nyote wawili."

Tulikuwa watatu tu mezani. Nikasema palepale, mbele yake, "Wifi, mwambie limeshindwa, yaishe."

Wote wakacheka. Mdomo wangu ulikuwa wa utani lakini moyo ulikuwa unaomba, na chini ya meza nilimkanyaga Wifi mguu ili anielewe. Alinielewa. Akauvuta mguu wake taratibu.

"Nikianza kudanganya kwa sahani, wifi yangu, mimi nitakuwa nani?" akasema.

Akachukua pamba safi, akafuta usaha wa kile kidonda, akaitia kwenye kichupa chenye kifuniko. Alitaka vijidudu vitakavyopimwa viwe vya mguu uleule, siyo vya kuazima. Akaondoka na pamba, na fungu la gome.

Nitaeleza alivyofanya, kwa sababu amenieleza mara nyingi mno, tena bila kuulizwa. Gome alilianika kivulini, akalisaga, akalichekecha. Akaliloweka kwenye chupa ya spiriti, akawa anaitikisa kila akipita. Kisha akachuja, akaacha spiriti ikauke polepole mpaka kikabaki chini kitu cheusi kinachonata. Hicho ndicho alichokidondoshea kwenye vijiduara vya karatasi, vidogo kama vile vinavyoanguka kwenye mashine ya kutoboa karatasi za ofisini. Vijidudu vya mguu wa kaka yake alivipaka kwenye sahani yenye chakula chao kilichoganda kama uji uliopoa, akaviwekea juu vile vijiduara: kimoja cha gome, kimoja cha dawa ya hospitali, na kimoja cha spiriti tupu, ili gome lisije likasifiwa kwa kazi ya spiriti. Akafunga kabati la joto.

Siku ya majibu mume wangu alisema atakwenda kuona kwa macho yake. Alikuwa ameanza kutembea na fimbo. Nilimshika mkono upande wa pili, tukaenda. Daktari anayesimamia maabara, kijana mpole mwenye miwani, alimwita "mzee wangu" na kumpa stuli.

Kwanza Wifi alimwonyesha mambo ya rangi. Alimimina maji ya zambarau kwenye mrija wa kioo. Akamweleza kwamba ndizi iliyomenywa ikiachwa hewani huwa nyeusi, na chuma kikiachwa hushika kutu, na mwilini nako kuna kuchakaa kwa namna hiyo, na mimea mingine ina kitu kinachozuia kuchakaa huko. Ikiwa gome linacho, zambarau hii itakimbia. Akadondoshea tone la ule weusi. Tukatazama. Zambarau ikafifia, ikafifia, pakabaki rangi ya njano kama chai nyepesi. Mume wangu akaushika ule mrija juu kwenye mwanga wa dirisha. Sijui alisikia nini katika yale maneno ya ndizi na kutu, ila najua aliona kitu kibaya kikitoroka mbele ya gome lake.

Kisha Wifi akafunua sahani.

Vijidudu vilikuwa vimeota kila mahali kama ukungu wa mkate, isipokuwa karibu na dawa ya hospitali, ambako palikuwa na duara safi, na karibu na gome, ambako palikuwa na duara safi vilevile, limepungua kidogo tu. Kwenye spiriti tupu hapakuwa na duara, vijidudu vimekaa hadi ukingoni mwa karatasi.

"Limeua, kaka!" Wifi alipiga kelele, kweli alipiga kelele, mwanamke asiyepaza sauti hata akiungua. "Limeua! Tazama!" Macho yake yalikuwa ndani ya macho ya kaka yake, na yalikuwa yamejaa machozi. Alikuwa ameogopa jibu hilo miaka yote, na sasa lilikuwa limekuja na uso mzuri.

"Tumekaribiana na hawa jamaa," mume wangu akasema, akiionyesha ile karatasi ya hospitali kwa ncha ya kidole, na Daktari akacheka, akasema gome hilo watalifuatilia.

Wifi alijikusanya. Alisema sahani si mwili. Alisema kuna mambo mengi kati ya kioo na nyama, na kwamba hata hivyo aende hospitali, amfanyie yeye hisani. Yote aliyasema, mimi shahidi.

"Tulipatana nini, mdogo wangu?" mume wangu akamuuliza.

Wifi akaifunika sahani. Nilimsubiri ukumbini, nikamwambia amenimaliza. Akasema, "Ningesema nini, wifi? Limeua." Nikamwambia angesema halikuua. Akanitazama kama nimemwomba anikate mkono.

Mume wangu alirudi kibandani kama bwana harusi. Gome limepimwa maabara, tena na vijidudu vya mguu wake mwenyewe; nani mwingine pale stendi alikuwa na neno kama hilo? Watu wakajaa. Na mimi kila asubuhi sufuria jikoni, na kila asubuhi kidonda kinanijibu kwa harufu. Vidole viwili vikawa vyeusi. Nikaanza kufungua madirisha kabla hatujaamka vizuri. Nikitaja hospitali, aliinua mkono: "Limeua. Uliona."

Asubuhi moja Wifi akapita kwetu kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa nikiepua ile sufuria. Akasimama mlangoni mwa jikoni akiutazama mvuke.

"Wifi, humo ni maji?"

"Ulitaka nimchemshie na maziwa?"

Akakaa chini, juu ya gunia la mkaa, na koti lake jeupe mkononi. Nilidhani kizunguzungu. Akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Mimi nililoweka kwenye spiriti."

Nikamuuliza ndiyo nini. Akanieleza kwamba spiriti inakamua kutoka kwenye gome vitu ambavyo maji huviacha humohumo. Kilichoua kwenye sahani kilitolewa na spiriti, na hajui kama kimo ndani ya sufuria yangu. Huenda tulikuwa tunamwosha kidonda kwa maji ya rangi.

Usidhani hakujua kwamba tunachemsha kwa maji. Alikulia kwenye mvuke huo. Ila kila gome lililoingia mle maabara lilipitia kwenye spiriti, kwa sababu ndivyo lilivyotoa zaidi, na mikono yake ilikuwa imezoea kuifuata ile chupa bila kuuliza. Alikumbuka kuipima spiriti peke yake asije akampendelea mtu. Maji, ambayo ndiyo dawa yenyewe, hakuyakumbuka.

Akachota kwenye sufuria, akafunga kichupa, akatoka bila kuaga.

Sahani ya pili aliileta imefungwa kwenye gazeti. Nilikuwapo alipoifungua. Vijidudu vilikuwa vimeota pote, vimeikaribia karatasi, vimepanda juu yake, utadhani ndilo tandiko vililotandikiwa. Hata mimi nisiyesoma mambo hayo nilielewa.

Mume wangu alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Wifi akasimama upande wa miguuni, akaanza kusema. Alisema taratibu, sauti imeshuka, macho yako sakafuni. Kwamba amelipima tena kwa maji. Kwamba kwa maji limeshindwa. Kwamba mara ya kwanza alikosea njia. Akamaliza, na bado hakuinua uso.

Mume wangu alimtazama, akanitazama mimi, kisha akatabasamu tabasamu la huruma.

"Mama watoto amekushika," akasema. "Alikuomba mbele yangu, nikadhani ni utani."

"Kaka, nakuapia."

"Mdogo wangu, nimekulea. Ukisema kweli unanitazama, hata kama ni kweli ya kunichoma. Leo unaongea na sakafu."

Nilipiga kelele. Nilimsukumia ile sahani usoni, nikamwambia aitazame yeye mwenyewe kama alivyoitazama ile nyingine. Akasema sahani za maabara ni nyingi, na akageukia ukutani. Wifi aliondoka akiwa ameikumbatia kifuani. Nilimfuata hadi nje, nikamwambia arudi, apaze sauti, alie, afanye lolote. Alisema tu, "Amesema kweli, sikuweza kumtazama." Sikio la kufa halisikii dawa, watu husema. Sijawahi kuona sikio lililouza dawa maisha yake yote likawa zito namna ile.

Alianguka kibandani siku chache baadaye, mbele ya wateja. Hospitali walimkata mguu juu ya goti, lakini daktari wa upasuaji alitoka akiwa bado na kofia yake ya kijani na kuniambia kwamba sumu imekwisha kuingia kwenye damu, wamechelewa, au sisi tumechelewa. Alikuwa na adabu, akasema wao.

Wodini vitanda vilikuwa karibu karibu, na wagonjwa wengine waligeuza nyuso kwa heshima tulipokaa. Mimi upande wa kichwa, Wifi upande ule ambako shuka lilikuwa limelala bapa. Mume wangu alikuwa na homa iliyomkausha midomo. Alifumbua macho, akamtafuta dada yake.

"Yale maji," akasema. "Yalishindwa kweli?"

"Yalishindwa, kaka."

Alifumba macho, nikafikiri amelala. Kisha akasema, "Jibu la kwanza ulilipigia kelele. Hili mbona ulininong'oneza?"

"Niliona aibu," Wifi akasema. "Nilikuwa nimekosea."

Alimtazama kwa muda mrefu, na nilimwona akielewa. Ningependa kusema alitabasamu, lakini hakutabasamu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepitwa na kitu mbele ya macho yake.

"Kwangu mimi?" akauliza. "Uone aibu kwangu mimi?"

Hakusema tena neno la kueleweka. Alifariki kabla madaktari hawajapita kuwaona wagonjwa.

Watu walikuja nyumbani. Jirani mmoja, mwanamke anayejiona ana busara, aliketi kwenye mkeka wangu na kuguna, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nilimwinua kwa mkono nikamtoa nje, na sijutii. Wengine walikuja siku za baadaye wakiulizia gome, lile lililopimwa. Nikiwaambia lilishindwa, wanacheka kidogo, kwa adabu, wanadhani nataka kuificha siri ya marehemu. Kuna mama alikuja na mtoto mwenye kidonda kwenye kisigino. Nilimshika mkono nikampeleka hospitali mwenyewe, akinilalamikia njia nzima kwamba nina roho mbaya.

Wifi bado yuko maabara. Siku hizi kila gome analiweka kwenye chupa mbili, ya spiriti na ya maji, na kabla ya hapo anamuuliza mganga: unachemsha, unaloweka, unachoma, unatafuna? Daktari humwambia anatumia sahani nyingi mno. Amekonda, na lile jina la Mama Vijidudu hawalitumii tena mbele yake. Waganga wanampenda zaidi sasa, eti amekuwa na subira.

Jumapili huja kwangu. Wiki iliyopita tulikuwa uani tunachambua mboga, na mimi, sikupanga, ila hasira huwa haiombi ruhusa, nikamwambia, "Ungemdanganya siku ile ya kwanza, leo ningekuwa na mume."

Kisu kikasimama mkononi mwake. Akainua uso, akanitazama machoni, sawasawa kabisa.

"Ungekuwa naye," akasema.

Nilikuwa nataka abishe. Nilingoja, nikangoja, kisha nikamsogezea bakuli, tukaendelea kuchambua.